Kwa Nini Mpopla Hutetemeka Pasipo Upepo

Ninyi mnaocheka majani ya mpopla yakitetemeka ilhali hewa imetulia tuli, nyamazeni kwanza. Mti ule hauchezi.

Hapo kale, kando ya Mto Tana, miti ilisema. Mchonga mitumbwi hakuinua shoka kabla ya kuuliza, "U mzima?" Mti ukajibu kweli, na wenye maradhi ukaachwa ujifie taratibu. Mpopla ndio uliopendwa kuliko yote kwa shina lake refu jeupe na mbao zake nyepesi. Sifa zikaulevya.

Mwaka mmoja mto ulifura. Hiribae, mchongaji hodari, alitaka kumvusha binti yake Haluwa, mwenye mimba ya miezi minane, kabla maji hayajaingia kijijini. Akauendea mpopla mkubwa kuliko yote. Bungua, wadudu walao mbao, walikuwa wameshautoboa ndani kwa ndani, na unga wa mbao ulikuwa umemwagika shinani. Hiribae aliuona.

"U mzima?"

"Mzima," mpopla ukajibu, maana uliona aibu.

Hiribae akaufukia ule unga kwa mguu, akakata. Alipochonga alikuta matundu, akayaziba kwa nta ya nyuki. Simlaumu sana. Maji yalikuwa yanakuja, na mti mwingine ulikuwa mbali.

"Baba, mtumbwi huu mzima?" Haluwa aliuliza akipanda.

"Mzima, mwanangu. Keti katikati."

Katikati ya mto nta iliachia, mtumbwi ukapasuka. Hiribae alitupwa ukingoni. Haluwa hakuonekana tena, yeye wala aliyekuwa tumboni. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini siku ile kilio kilitoka nyumba nyingine.

Maji yalipopungua, Hiribae alikirudia kisiki. Kilikuwa kimechipua. Akapiga magoti, akauliza tena, "U mzima?" Machipukizi hayakuweza kusema kweli, wala hayakuthubutu kudanganya. Yakatetemeka tu.

Na tangu siku hiyo miti haisemi, na mpopla hutetemeka hata pasipo upepo. Ukiliwa na bungua, hutoa utomvu mweusi matunduni na kumwaga unga wake shinani, peupe. Mchongaji haulizi, hupiga magoti akapapasa udongo kwa vidole. Na mtumbwi mpya huvushwa kwanza na aliyeuchonga, peke yake, wanawe wakimtazama kutoka ukingoni.