Kichwa cha Sultani Shebwana na Wembe wa Makungu

Hapo zamani, wakati mwanamume akiona haya zaidi kutoka nje bila kilemba kuliko kutoka bila viatu, palikuwa na mji uitwao Kitangani, na Sultani wake aliitwa Shebwana. Alikuwa na majumba, alikuwa na farasi, na sauti yake ikifoka jikoni hata vyungu vilitulia. Alichopungukiwa ni kitu kimoja tu, nacho ni nywele. Zilianza kumtoka utosini, zikaendelea pande zote mbili, mpaka zikabaki chache kiasi kwamba kila moja ilimjua mwenzake kwa jina.

Basi Sultani, badala ya kumshukuru Mungu kwa kichwa chenyewe, akatafuta wa kumlaumu, akawapata vinyozi. Akasema hao ndio waliomharibia, kwa sababu tangu utoto wake hakuna watu wengine waliokigusa kichwa chake. Ikatoka amri: nyembe zote za mji zikusanywe, zitiwe sandukuni, na asinyolewe mtu mpaka nywele za Sultani zirudi.

Sasa tazama kazi ya mtu mwenye hasira. Siku zote wanaume wa Kitangani walikuwa wakinyoa vichwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua huyu ana upara na yule hana. Baada ya amri, miezi mitatu haikutimia, mji mzima ukawa msitu. Waashi nywele ziliwafika mabegani, wachukuzi walizifunga kwa kamba wapate kubeba mizigo, na Waziri Bakathiri, mtu mzima mwenye wajukuu, akawa na shungi ambalo hata mkewe alilionea wivu. Chawa walistarehe. Na katika msitu wote huo palibaki uwanda mmoja tu, nao ulikuwa chini ya kilemba cha Sultani.

Katika watu walioumizwa na amri ile hakuna aliyeumia kama Makungu. Huyu alikuwa kinyozi kijana, fukara, hana kitu ila mkeka wake na mdomo wake, na mdomo ndio uliokuwa mkubwa zaidi. Alikuwa amemposa Somoe binti Mzee Lali, na Somoe mwenyewe ameridhika. Lakini ada ya mji ule ni kwamba bwana harusi hunyolewa uwanjani mchana, watu wote wakiona, na huku wanawake wanapiga vigelegele na kumrashia marashi; asiyenyolewa hivyo hapewi mke. Makungu alipomwendea mkwewe na kumwomba amwoze hivyo hivyo na nywele zake, Mzee Lali akamjibu kwamba binti yake haolewi na kichaka. Akampa mpaka mwezi uandame. Ukiandama naye hajanyolewa uwanjani, Somoe ataozwa muuza bizari mmoja wa bara, mtu aliyekwisha kuzika wake wawili na anayekoroma hata akiwa macho.

Huko nyuma Sultani naye alikuwa ana mashaka yake. Waziri alikuwa amemletea Tabibu Shamte, mtu wa dawa, aliyesema nywele huoteshwa kwa maji ya kitunguu na mafuta ya habasoda, yapakwe asubuhi na jioni kwa muda wa miezi tisa. Na mama wa nyumba ya kifalme akamletea Mwana Kidawa, mpambaji wa maharusi, aliyesema miezi tisa ni ya mimba. Yeye kwa nusu siku atampaka masizi ya taa, atambandika manyoya ya mbuzi kwa gundi, na hakuna atakayejua. Tabibu akamwita mwenzake muuza uwongo. Mwana Kidawa akamjibu, "Baba, dawa yako ni kweli tupu, ila nywele zitakapoota mwenye kichwa atakuwa kaburini."

Sultani akashindwa kuchagua. Ikawa, kwa kutotaka kukosa, akachukua vyote viwili: upande wa kulia dawa, upande wa kushoto pambo. Siku hiyo walikuja wageni kutoka mji wa jirani. Joto lilipopanda, maji ya kitunguu yakateremka yakaikuta gundi, gundi ikaachia, na manyoya ya mbuzi yakatoka polepole chini ya kilemba yakakaa juu ya bega, kama paka aliyekuja kusikiliza mazungumzo. Wageni walikuwa watu wenye adabu, hawakucheka mpaka walipofika kwao.

Basi Sultani akatoa mbiu kwa hasira. Atakayemchagulia tiba iliyo sawa na ajitokeze. Ijumaa ijayo, baada ya sala, Sultani atatoka uwanjani mbele ya wanaume wote wa mji, atavua kilemba, na wakati huo asiwepo hata mmoja mwenye nywele nyingi kuliko zake. Ikiwa hivyo, mchaguzi ataomba atakalo. Isipokuwa hivyo, nyembe zote zitatupwa baharini na mchaguzi atafukuzwa mji, asirudi maisha yake.

Watu wakatazamana. Tabibu akakumbuka ana mgonjwa shamba. Mwana Kidawa akaugua kichwa. Makungu akainuka na njaa yake, akaenda ikulu.

Alipofikishwa mbele ya Sultani, Waziri Bakathiri akacheka, akauliza tangu lini mkata nywele akajua kuotesha. Sultani akamnyamazisha, akasema, "Ewe kijana, umesikia sharti?"

"Nimesikia, bwana wangu."

"Basi unachagua lipi, dawa ama pambo?"

"Bwana wangu, dawa ni nzuri lakini haina haraka. Pambo lina haraka lakini linaogopa jua. Mimi ninayo ya tatu, haiwashi, hainuki, wala haishuki begani."

Sultani akakohoa kidogo. "Wahitaji nini?"

"Nahitaji lile sanduku la nyembe, na wenzangu vinyozi wote, na ruhusa ya kuzitumia siku hizi saba kwa ajili ya tiba yako. Nawe usitoke nje wala usichungulie dirishani mpaka Ijumaa."

Sultani akataka kujua wembe unaingiaje katika kuotesha nywele. Makungu akamuuliza, kwa heshima zote, kama anataka kuelezwa au anataka kupona. Sultani akatafakari, akatoa ufunguo.

Alfajiri ya pili vinyozi kumi na wawili wakatandika mikeka uwanjani. Hawakupiga mbiu, hawakumlazimisha mtu. Mchukuzi wa kwanza aliyepita akaona wembe unang'aa, akajikuna, akaketi. Alipoinuka akasema upepo umempiga kichwani akasikia kama amezaliwa leo, na habari hiyo ilitembea kuliko mbiu. Wakaja waashi, wakaja wavuvi, wakaja walimu na wanafunzi wao, watu wakagombea zamu kama wanaogombea maji. Siku ya nne, Waziri Bakathiri, aliyekuwa haponi kwa kuwashwa, akaja kwa kichochoro cha nyuma amejifunika shuka ya mkewe, akanyolewa, akaondoka bila kusema asante.

Lakini Waziri alikuwa na jicho. Alipokuwa ameinamisha shingo aliona jambo, akalihifadhi. Aliona kwamba Makungu ananyoa watu wote, naye mwenyewe chini ya kofia nywele zake ni zile zile. Rafiki zake Makungu nao waliona, wakamsihi akae anyolewe, asije akajiponza kwa kujisahau. Akawajibu kwamba mtu mwenye akili nyingi kama zake huzifunika zisipoe. Wakamwacha na majivuno yake.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala uwanja ukajaa, watu wakasimama wamevaa kofia na vilemba vyao, hata Mzee Lali yupo, na wanawake wamejaa kwenye roshani za nyumba na chupa za marashi, kwa kuwa Somoe aliwaambia waje nazo na hakuwaambia kwa nini. Sultani akatoka, akaketi kitini. Akaamuru wanaume wote wavue. Zikavuliwa kofia, na uwanja ukang'aa kama sinia la mayai yaliyomenywa.

Sultani kabla hajashika kilemba chake, Waziri akapaza sauti. "Maulana, usivue. Umedanganywa. Mtazame huyo kinyozi, kofia ameing'ang'ania."

Wakamvua Makungu kofia, na nywele zikamfunguka mpaka masikioni. Watu wakashika vinywa. Somoe peke yake hakushtuka.

Sultani akasema kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyotisha, "Makungu, sharti umelitimiza au umelivunja?"

"Bwana wangu, sharti ni saa ya kuvua kilemba, nawe hujavua. Kimebaki kichwa kimoja, na wembe mmoja bado mkali. Lakini ruhusa uliyonipa ni ya kuwanyoa watu, wala sikuthubutu kunyolewa mimi bila amri yako. Ukiona nifukuzwe, nitakwenda. Ukiona ninyolewe, amuru."

"Na anyolewe!" akasema Waziri, aliyeona Makungu anataka kumponyoka. "Anyolewe sasa hivi, hapa hapa, watu wote wakiona!"

Sultani akakubali kwa kichwa. Makungu akaketi juu ya mkeka katikati ya uwanja, mchana, kwa amri ya Sultani na kwa shauri la Waziri, na kinyozi mwenzake akaanza. Wembe ulipopita mara ya kwanza, mwanamke mmoja kwenye roshani akapiga kigelegele, wakafuata wote, na marashi yakamwagika mpaka Waziri akapata sehemu yake. Hapo Mzee Lali akatambua anachokishuhudia. Akatazama juu, akatazama chini, akaona ada imetimia yote. Muuza bizari alikuwa pembeni yake, amenyolewa naye, akaelewa kabla ya kuambiwa, akaenda kutafuta punda wake.

Nywele za Makungu zilipokwisha, Sultani akavua kilemba.

Na hakika, katika wanaume wote wa Kitangani hakuna aliyemshinda. Zilikuwa nywele kama arubaini hivi, nyembamba, zinapepea, na kila mtu alikuwa akizitazama, kwa kuwa hapakuwa na nyingine za kutazama. Sultani akangoja wachoke. Hawakuchoka. Mwishowe akamwita Makungu karibu, akamnong'oneza, "Wananitazama nini?"

"Nywele zako, bwana wangu. Ni wewe peke yako uliye nazo."

"Miezi yote hii nimetaka nisitazamwe."

"Najua, bwana wangu. Ndipo nikakuambia ipo ya tatu. Lakini kichwa ni chako, nami siwezi kukichagulia mbele ya watu."

Sultani akakipapasa kichwa chake. Mara mabega yakaanza kumtikisika, watu wakadhani ni hasira, kumbe ni kicheko, nacho kikamtoka mpaka akashika kiti. Akateremka, akaketi mkekani pale pale alipotoka Makungu, juu ya nywele za Makungu, akainamisha shingo.

"Ewe kinyozi," akasema, "nyoa. Na ukinikata, mkeo atakuwa mjane kabla ya jioni."

Makungu akamnyoa, hakumkata. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Sultani alipoinuka hakuna aliyeweza kumtofautisha na mwashi ila kwa joho, akapita katikati ya watu wake wala hakuna aliyemwangalia kichwa, akafurahi kuliko siku aliyopewa kiti cha enzi. Makungu alipoambiwa aombe atakalo, akaomba nyembe, nazo zikarudi kwa wenyewe. Tabibu akapewa kutibu tumbo la Waziri lililomuuma kwa hasira, Mwana Kidawa akapewa kumpamba Somoe, na kila mmoja akaonekana fundi.

Jioni ile, baada ya kuozwa, Makungu aliingia nyumbani kwa mkewe anajisifu tangu mlangoni. Somoe akampapasa utosi, akamwambia nyuma ya sikio wamemsahaulia kishungi, akae chini amalizie yeye. Mimi niliyewapa habari hizi nimeishia mlangoni. Ya ndani ni yao.