Kamba Zisizovutwa

Haya, nianze?

— Anza!

Nikianza, mtasikiliza?

— Tutasikiliza!

Basi anayetaka kusinzia asogee nyuma, maana hii siisemi mara mbili.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walipokuwa na mafundi wao kama sisi, palikuwa na karakana ya kamba. Mkuu wake alikuwa Ngedere. Ngedere na ndugu zake walisokota kamba za mkonge, na kamba hizo ziliwashusha wanyama visimani na kuwapandisha salama.

Aliyeshuka mara nyingi kuliko wote alikuwa Nguchiro, somo yake Ngedere, rafiki wa kufa na kuzikana. Kazi yake ilikuwa kuzoa tope la visima. Kila siku ya Mungu alijifunga kamba kiunoni, akashuka huko chini kusikofika jua. Kamba ikikatika, Nguchiro hana lake. Ngedere alilijua hilo vizuri.

Kwa hiyo hakuna kamba iliyotoka pale bila kuvutwa. Mvutaji alikuwa Bi Punda. Aliivuta kavu. Akailoweka, akaivuta imelowa. Akaifunga jiwe, akaivuta na jiwe lake. Ikikatika, alicheka: "Afadhali umenikatikia mimi, shoga, kuliko Nguchiro!" Ikisalimika, Ngedere aliitia fundo jekundu mwishoni. Fundo lile maana yake ilikuwa moja tu: kamba hii imevutwa.

Siku moja akaja Mbweha, mjumbe wa Simba.

"Bwana Ngedere, Mfalme anatafuta karakana bora ya nchi nzima. Itakayoshinda, mkuu wake atavikwa shada barazani, ngoma zikilia."

"Na iliyo bora mtaijuaje?"

"Nitahesabu mafundo mekundu. Sisi wa barazani tunakwenda kwa hesabu, bwana, hatuendi kwa maneno."

Hapo ndipo Ngedere angeuliza swali la pili. Hakuuliza. Alikuwa ameshaliona shada shingoni mwake.

Mwezi wa kwanza Mbweha alihesabu mafundo ishirini. "Si haba," alisema, "ila Fisi, kwenye karakana yake, ana ishirini na tano."

Ngedere akamwendea Bi Punda. "Dada, acha kuloweka. Kunatupotezea siku."

"Kisimani kuna maji, kaka."

"Acha, nimesema!"

Akaacha. Mafundo yakawa thelathini.

Mwezi wa pili Mbweha akasema, "Fisi ana thelathini na tano."

"Dada, acha na hilo jiwe."

"Nguchiro ana uzito, kaka. Na ndoo ya tope ina uzito."

"Nguchiro si jiwe!" Ndugu wote wakacheka. Bi Punda hakucheka, lakini aliacha. Mafundo yakawa arobaini.

Mwezi wa tatu Mbweha akasema, "Fisi ana hamsini."

"Dada, acha kuvuta kabisa. Njoo utubebee mkonge."

"Na mafundo?"

"Nitafunga mwenyewe."

"Kwenye kamba zisizovutwa? Huo ni uongo, kaka, hata ukiupaka rangi nyekundu."

Ngedere akafura. "Kazi yako ukaidi tu! Nenda zako!"

Bi Punda akaenda. Hakuaga.

Mwezi ule mafundo yakafika mia. Ngedere akavikwa shada barazani, ngoma zikalia, Fisi akanuna pembeni. Nguchiro alikuwa wa kwanza kumkumbatia.

"Somo, umetutoa kimasomaso! Hebu nipe moja katika hizo mpya. Kesho nashuka kisima kirefu."

Ngedere akaishika kamba moja katika zile zilizoletwa kuhesabiwa. Alitaka kusema, ngoja kwanza niivute. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Lakini wanyama wote walikuwa wanamtazama, na shada liko shingoni. Nani amewahi kumwona mkuu wa karakana bora akivuta kamba hadharani kama mtu asiyejiamini?

"Chukua, somo," alisema.

Asubuhi Nguchiro aliliangalia fundo. Kamba yenyewe hakuiangalia; ya nini, na fundo lipo? Akajifunga, akashuka. Kushuka kulikuwa kwema. Akajaza ndoo, akapiga mluzi, wenzake wa juu wakaanza kumpandisha. Kamba ilikuwa imelowa. Kamba ilikuwa na mzigo. Katikati ya kisima ikasema ta!

Walimtoa kwa kamba kuukuu, moja ya zile alizozivuta Bi Punda. Alikuwa hai. Ila miguu ya nyuma ilikuwa haimsikii tena.

Ngedere akaja mbio, akapiga magoti mbele yake.

"Somo," Nguchiro akauliza, "kamba ile mliivuta?"

Ngedere angeweza kudanganya. Lakini kipande chenye fundo kilikuwa mkononi mwake.

"Hatukuivuta."

Nguchiro akakitazama kile kipande.

"Ungeniambia tu jana. Ningengoja. Kisima kingekimbilia wapi?"



Ngedere alikwenda kwa Mbweha, akamtupia shada lake. Mbweha akafungua mikono: "Lakini sisi tulihesabu sawasawa, bwana!" Kisha Ngedere akaenda kwa Bi Punda, vijiji vitatu kutoka hapo, akamwomba radhi palepale mbele ya wenyeji wake. Bi Punda akarudi. Kamba zikavutwa tena, zikiwa kavu, zikiwa zimelowa, na zikiwa na jiwe. Zikawa imara kama zamani. Lakini wanyama walipozichukua walikwenda kwanza kuzivuta wenyewe majumbani, mbele ya watoto wao.

Na kila asubuhi Ngedere humbeba Nguchiro mgongoni, akamweka juani, mlangoni pa karakana. Huongea mambo mengi, mvua, majirani, Fisi na vituko vyake. Habari za kamba hawazigusi. Nguchiro hakumlaumu tena hata mara moja. Ngedere angependa alaumiwe.

Sasa sikieni, nami nasema wazi. Kazi nzuri ni ile unayoifanya kila siku kabla ya alama kuwekwa, hata asipokuwepo wa kuhesabu. Ukiipenda alama ukaiacha kazi, utasifiwa siku moja, na atakayeumia ni yule aliyekuamini kuliko wote.

Mimi nimefika mwisho wa kusema. Iliyokufaa ichukue uende nayo kwako. Isiyokufaa niachie, nitalala nayo mwenyewe.