Bi Pimbi na Sherehe ya Kumuaga Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na kiu!"

"Basi mwenye kiu akae mbele, maana hadithi yenyewe ni ya maji."

Hapo kale, juu ya kilima cha mawe matupu, palikuwa na kisima. Hakikuwa kikubwa, lakini hakikukauka, kiangazi wala masika. Bi Pimbi alikaa na watoto wake katika pango la jirani. Asubuhi Bi Pimbi alikunywa, Swala alikunywa, Kobe alikunywa, kisha kila mmoja alishika njia yake.

Ikawa mwaka mmoja Kiboko akatoka mtoni kwao, huko bondeni, akapanda kilima, tifu, tifu, tifu. Akasema, "Jamani, mimi mgeni. Naomba kuchovya mguu tu."

Wakamjibu, "Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akachovya mguu. Akachovya wa pili. Akachovya tumbo. Chubwi. Kisima kikajaa Kiboko.

Wenyeji wakangoja atoke. Hakutoka. Alipofungua mdomo ilikuwa kutoa sheria. "Aliye majini ndiye Mheshimiwa. Aliye nje ataleta majani mabichi, atapiga goti, atasema, 'Naomba maji, Mheshimiwa.' Asiposema, achomwe pua."

Akawabebesha mawe, wakakizungushia kisima ukuta, wakaacha lango jembamba ambalo hata yeye alipita kwa kubana pumzi. Langoni akamweka Ngiri awe bawabu, kwa sababu Ngiri alikuwa na pembe kali na hakupenda kuuliza maswali.

Basi maji yakawa tope. Wanyama wakachoka, wakaenda kudai chao. Aliyesema ni Kobe.

"Mheshimiwa, tunaomba utuachie kisima chetu."

"Nitawaachia," alisema Kiboko, "lakini bado hamjakomaa."

"Mimi nilicheza ngoma kwenye harusi ya babu yako."

"Nimesikia. Lakini hujakomaa."

Wakarudi makwao. Bi Pimbi alikuwa na uchungu kuliko wote, maana kitinda mimba wake alikuwa amelala pangoni, tumbo linamsokota kwa yale maji ya tope. Akakaa juu ya jiwe akawaza. "Huyu hatoki kwa kuombwa. Kusukumwa hasukumiki. Lililomleta ni tumbo, na tumbo hilohilo ndilo litakalomtoa."

Kesho yake akaenda langoni, akapiga goti, akasema maneno yanayotakiwa. Kisha akaongeza, "Mheshimiwa, utusamehe. Jana tulikosa adabu."

"Mlikosa sana."

"Kinachotusikitisha ni kimoja tu. Tulikuwa tumekuandalia sherehe ya kukuaga. Matikiti, miwa na maboga. Sasa kwa kuwa huondoki, tutakula wenyewe."

Maji yakatulia. Jicho moja la Kiboko likafunguka. "Matikiti yenyewe ni mengi?"

"Ukisimama nyuma yake, Mheshimiwa, huonekani."

Kiboko akawaza, akameza mate, gudu. "Hivi wewe, aliyeagwa ni lazima aondoke?"

Bi Pimbi akaangalia chini. "Hapo umenizidi akili. Sikuwahi kufikiri hivyo."

"Basi mimi nimefikiri. Mtaniaga asubuhi, nitakula, na kabla jua halijatua nimerudi kisimani. Nyinyi mtapata sherehe yenu, mimi nitapata matikiti yangu."

"Ama kweli sisi hatujakomaa," alisema Bi Pimbi.

Kiboko akafurahi, akaweka masharti. Ngoma ipigwe, hotuba aitoe yeye, na kila mnyama alie.

Siku ya sherehe ikafika. Matikiti yalirundikwa chini ya kilima, penye uwanja usio na hata kichaka. Ngoma ikalia, ndi, ndi, ndi. Kiboko akabana pumzi, akapita langoni, akateremka, akasimama mbele ya watu wake.

"Nilipofika hapa," alisema, "hamkuwa na kitu. Hata kiu hamkuwa nayo. Kiu nimewaletea mimi."

Wanyama wakashindwa kuzuia kicheko. Wakafunika nyuso, mabega yakatikisika, kwi, kwi, kwi. Swala alianguka chini, miguu juu. Kiboko alipowaona vile moyo ukamlainika. "Msilie sana," akawaambia, naye akafuta chozi. Kisha akaingia kwenye matikiti, kacha, kacha, kacha.

Hapo Bi Pimbi alikuwa amekwisha kuponyoka. Akapanda kilima mbio, akafika langoni. Ngiri alikuwa palepale.

"Sema," alisema Ngiri.

"Naomba maji, Mheshimiwa."

Majini hamkuwa na mtu, lakini maneno yalikuwa sawa, kwa hiyo Ngiri akampisha. Bi Pimbi hakunywa. Alijitupa majini, chubwi. Pimbi na maji hawapatani kabisa. Baridi ilimpanda mpaka masikioni, meno yakagongana, akakumbatia jiwe asizame.

"Ngiri, ni nani aliye majini?"

Ngiri akachungulia. "Wewe."

"Na aliye majini ndiye nani?"

Ngiri akafikiri. Ilimchukua muda, hakuwa na mazoea. Kisha akapiga goti. "Ndiye Mheshimiwa."

Jua lilipokuwa kali, Kiboko akarudi amejaa matikiti, ngozi inamwaka moto, wanyama wote nyuma yake. Akaingiza pua langoni.

"Sema," alisema Ngiri.

"Niseme nini? Mimi ndiye Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yumo majini. Wewe uko nje."

"Ngiri, hiyo sheria nimeitunga mimi."

"Uliitunga vizuri," alisema Ngiri, akamchoma pua, chwi.

Kiboko akarudi nyuma. Akaja tena, akachomwa tena. Tumbo halipiti, pua inauma, mgongo unapasuka kwa jua. Mwishowe akainama, akanong'ona, "Naomba maji, Mheshimiwa."

"Huku nyuma hatujasikia," alisema Swala.

Akarudia kwa sauti.

Bi Pimbi akajibu kutoka majini, meno yakigongana, "Mpeni maji mgeni wetu." Akaletewa kibuyu, akakimaliza kwa funda moja.

"Na kisima?" aliuliza Kiboko.

"Mgeni hupewa maji, hapewi kisima. Mto wenu uko bondeni, tena ni mkubwa kuliko hapa. Nenda salama."

Kiboko akautazama ukuta, akaitazama njia. Akateremka, tifu, tifu, tifu, hata hakuaga.

Wanyama wakabomoa ukuta, uhuru ukaingia kwa kelele, kila mtu anakunywa, kila mtu anamrushia mwenziwe maji. Bi Pimbi akatoka, akaenda kujianika juani pamoja na watoto wake. Ngiri peke yake alibaki amesimama pale palipokuwa na lango.

"Mheshimiwa," aliita, "sasa kazi yangu ni ipi?"

"Mimi si Mheshimiwa, nimekwisha toka majini. Njoo unywe."

"Kwa amri ya nani?"

"Hakuna aliyeamuru. Huna kiu?"

Ngiri akasimama, akatazama huku, akatazama kule. Akasogea hatua moja, akangoja mtu amkemee. Hakuna aliyemkemea. Akainama, akanusa, akanywa, akanywa mpaka akapaliwa. Miaka yote aliyolinda yale maji hakuwahi kuyaonja.

"Kumbe ni matamu," alisema.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni utii. Ngiri alitii sheria bila kuuliza, na ndiyo maana nchi ikawa huru. Basi nanyi wakubwa wakiwaamrisha jambo, fanyeni, msiulize. Wewe Mwanaidi, unacheka nini?

Haya. Hadithi yangu imekunywa, imeshiba, imelala. Atakayeiamsha aisimulie mwenyewe.