Uji wa Bi Digidigi

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mlionyimwa chakula? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa bado wanapigiana hodi, palikuwa na Bi Digidigi. Mnamjua digidigi? Kile kiswala kidogo, miguu vijiti, macho makubwa, woga mwingi. Bi Digidigi akajifungua. Akapata mtoto mmoja, wa kwanza, wa kike, akamwita Tunu. Mumewe akafurahi, akazungushia kichaka chao wigo wa miiba, akainjika chungu cha uji. Uji wa mtama, wenye tangawizi na pilipili manga. Uji huo ni wa nani?

— Wa mzazi!

Wa mzazi, ili apate maziwa. Shikeni hapo hapo, msiachie.

Siku ya pili, hodi hodi! Wageni. Wamekuja kumwona mzazi. Nani na nani? Bi Kanga, madoadoa tele na mdomo usiopumzika. Bi Mbuni, shingo ndefu, mwenye kuona mambo ya wenzake kwa mbali. Na Bi Kobe, mkubwa wao kwa umri, asiye na haraka ya kuja wala ya kuondoka.

"Hongera, mzazi!"

"Asanteni, wenzangu. Karibuni."

"Hebu mlete mtoto nimpakate," akasema Bi Kanga.

Tunu alikuwa ndiyo kwanza ameshika chuchu. Akachomolewa, pwa! Akapakatwa na Bi Kanga. Akapokewa na Bi Mbuni. Akalazwa juu ya gamba la Bi Kobe. Nyee! Nyee! Tunu akalia.

"Ana njaa," akasema Bi Kanga.

"Njaa tupu," akasema Bi Mbuni.

"Mama yake hana maziwa," akasema Bi Kobe, na macho yake yakahamia kwenye chungu. "Na huu uji? Uji huu mzuri sana kwa maziwa. Hebu nionje."

Akaonja. Kororo, kororo, kororo. Bi Kanga naye akaonja. Bi Mbuni akazamisha shingo nzima. Chungu kikaonyesha kitako. Bi Digidigi akatazama, akameza mate. Angesema nini? Mgeni ni mgeni. Akainuka, miguu inamtetemeka, akaenda mtoni kuteka maji, akarudi, akapika uji mwingine. Na huo nao wakauonja.

Siku ya tatu, hodi hodi! "Hebu mlete mtoto nimpakate." Pwa! Nyee! Nyee! "Uji huu mzuri sana kwa maziwa. Hebu nionje." Kororo, kororo, kororo. Mzazi akainuka, akateka maji, akapika.

Siku ya nne, hivyo hivyo. Siku ya tano, hivyo hivyo. Wageni wakanenepa. Bi Kobe gamba likaanza kumbana. Na mzazi? Mzazi akalamba mwiko.

Matiti ya Bi Digidigi yakalegea. Tunu akinyonya anapata matone mawili, la tatu halitoki, na kabla hajalitafuta, "Hebu mlete!" Akawa mwepesi. Akawa akisimama anatetemeka, anaanguka, pu! Sauti yake ikapungua, ikabaki nye, nye, na mama yake akiisikia roho inampasuka. Usiku na mchana alijiuliza: nina kosa gani mimi? Mama wa namna gani asiye na maziwa ya mwanawe? Aliona haya. Aliamini kabisa kwamba kosa ni lake.

Wageni wakafanya kikao, hapo hapo mbele yake, chungu katikati.

"Hizi chuchu zimepigwa jicho," akasema Bi Kanga. "Wanangu mimi kumi na wanne, hakuna hata mmoja aliyekosa maziwa."

"Mimi ishirini," akasema Bi Mbuni. "Hajui kunyonyesha huyu. Wasichana wa siku hizi! Anywe supu."

"Nani atampikia?" akauliza Bi Kanga.

"Si ana mikono?"

Bi Kobe akakohoa. "Mtoto huyu," akasema, "amebemendwa."

Watoto, msiniulize kubemendwa ni nini. Waulizeni mama zenu, nao watawafukuza. Basi Bi Digidigi akainamisha kichwa, machozi yakamtoka, na mumewe akatazama pembeni.

"Usisimame hapo, bwana wee," Bi Kobe akamwambia mume. "Kuna mzizi ng'ambo ya milima miwili. Nenda kauchimbe." Bwana wa watu akaenda, mbio. Mzazi akabaki bila hata wa kumtekea maji.

Ngojeni kwanza. Niwaulize kitu. Kanga ana matiti?

— Hana!

Mbuni je?

— Hana!

Na Kobe?

— Hana!

Wote wataga mayai! Lakini nani alithubutu kulisema? Bi Kanga hata alifika na kumbikumbi mdomoni. "Mpe hawa. Wangu mimi niliwalisha kumbikumbi tangu siku ya kwanza, na tazama walivyo." Tunu akatiwa kumbikumbi mdomoni, akacheua, akalala ubavu, hakulia tena. Bi Digidigi akampapasa. Bado anapumua. Akajua: mwanangu hamalizi wiki hii.

Siku ya nane, jua utosini, wageni wamejaa, ubishi umepamba moto, jicho, supu, mzizi, jicho, supu, mzizi, kelele zimevuka bonde. Na ng'ambo ya bonde kuna aliyezisikia.

Uuu-wi! Uuu-wi!

Nani huyo?

— Fisi!

Bi Fisi mwenyewe! Loo! Bi Mbuni, ambaye jana aliapa kumpenda Tunu kuliko wanawe, alitimua vumbi, tifu tifu tifu, shingo ikatangulia. Bi Kanga, purrr, juu ya mti wa mbali. Bi Kobe akavuta kichwa, akavuta miguu, akawa jiwe. Na mzazi? Mzazi na miguu yake ile atakimbilia wapi? Akamkamata Tunu, akajisukuma ndani kabisa ya kichaka, penye miiba, yeye, mtoto, na chungu cha uji kilichokuwa kimeiva muda huo huo.

Bi Fisi akafika. Akanusa. "Nasikia harufu ya kitoto," akasema. Akajaribu kuingia, miiba ikamchoma pua. Akakaa chini. "Mimi sina haraka. Kitoto kitalia, nami nitajua kilipo."

Bi Digidigi akasikia. Tunu akafunua mdomo, nye... Mama yake akamtia chuchu, upesi! Kimya. Tunu akanyonya, hakupata kitu, akafunua tena mdomo. Chuchu! Kimya. Akaichoka hii, akapewa ile. Akaichoka ile, akapewa hii. Hakuna aliyesema mlete nimpakate. Asubuhi chuchu, mchana chuchu, jioni chuchu, alfajiri chuchu. Mama naye akiona njaa, anageuza shingo, anakunywa uji. Chungu kizima, peke yake! Ukimwishia, anatafuna majani ya kichaka yenye umande. Kuinuka haruhusiwi. Kuteka maji haruhusiwi. Kupikia wageni, nani apikiwe?

Siku ya pili ya kujificha, akahisi kitu kinamchomachoma kifuani. Akadhani ni mwiba. Akatazama. Maziwa! Tunu anayameza, kwi, kwi, kwi, mpaka yanamtoka pembeni mwa mdomo. Bi Digidigi alitaka kupiga vigelegele, akakumbuka aliyekaa nje, akavimeza.

Siku ya tatu akachungulia kwenye miiba, akamwona Bi Fisi vizuri. Matiti yamejaa, maziwa yanamdondoka mchangani, ti, ti, ti. Kumbe naye ni mzazi! Ana wawili pangoni. Bi Digidigi akashangaa: huyu alipikiwa uji na nani? Alifundishwa na nani? Akafikiri, akafikiri. Halafu akajiuliza: na alipojifungua, nani alikwenda kumwona?

Hakuna. Nani ampigie hodi fisi?

Bi Digidigi akacheka kimoyomoyo kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Bi Fisi naye matiti yakazidi kumuuma. "Ah, wanangu wananingoja," akasema, akainuka, akaenda zake.

Basi! Bi Fisi kuondoka tu, hodi hodi! Wakamkuta Tunu anarukaruka, tumbo limejaa.

"Mnaona?" akasema Bi Kanga. "Lile jicho nililiondoa mimi, kule juu ya mti."

"Jicho gani? Ni supu," akasema Bi Mbuni. "Nilisema supu." Supu yenyewe hakuna aliyeipika.

Lile jiwe likatoa kichwa. "Mimi nilikaa naye siku zote tatu," akasema Bi Kobe. "Mwenzangu sikumwacha." Na mume akatokea, hoi, mzizi begani. "Umeona, baba?" Bi Kobe akamwambia. "Mzizi umefanya kazi ukiwa bado njiani."

Ikawa ubishi. Wakamgeukia mzazi. "Sema mwenyewe. Dawa iliyokuletea maziwa ni ya nani?"

Bi Digidigi akamwondoa Tunu penye chungu, akamtia chuchu. "Ya Bi Fisi," akasema.

"Bi Fisi! Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu. Aliwaondoa nyinyi."

Bi Mbuni akatazama mbali. Bi Kobe akatikisa kichwa. "Ndiyo maana watu husema asante ya punda ni mateke," akasema, akaanza safari ya kuondoka, na jioni ilipofika alikuwa bado hajatoka wigoni. Bi Kanga yeye hakukasirika hata kidogo. Alisikia jambo moja tu, kwamba Bi Fisi ana dawa. Akaenda pangoni kumwomba ampe, ili naye akawape wazazi wengine. Alipiga hodi akakaribishwa vizuri sana. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Bi Fisi kupata mgeni wa uzazi.

Sasa sikilizeni, wakubwa na wadogo. Mama aliyekosa maziwa hajakosa maneno, maneno anayo debe zima. Ukienda kumwona mzazi, shika ndoo, teka maji, pika uji, umpe anywe yeye, mwache na mwanawe, rudi kwako. Na yupo ambaye hata akipumzika maziwa hayamtoshi. Huyo naye umsaidie kwa mikono, wala usimwite mwenye kosa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyecheka amecheka, na aliyejiona humo ndani asinikasirikie mimi.