Maji ya Siku ya Saba

Paukwa!

— Pakawa!

Mmejibu kama wagonjwa. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina mitungi, na mtu aliyeiharibu, na watu waliomwona akiiharibu wakanyamaza. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, mapema, kisha tuendelee.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alisimuliwa tu, palikuwa na kijiji juu ya mlima. Maji yalikuwa bondeni. Kushuka, kupanda. Kushuka, kupanda. Mwanamke alitoka na jua changa akarudi jua likiwa utosini. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na mtungi. Mtungi ukiwa mzima, nyumba ina maji ya siku tatu. Mtungi ukiwa mbovu, umepanda mlima bure.

Aliyeifinyanga mitungi hiyo alikuwa mwanamke mmoja mzee, Bi Sikudhani. Alichimba udongo mwenyewe. Alitwanga vigae vya mitungi ya zamani, twi, twi, twi, akavichanganya na udongo ili usipasuke. Alifinyanga kwa kiganja, pa, pa, pa. Kisha aliuanika mtungi kivulini siku kumi na mbili. Si kumi, si kumi na moja. Mvua inyeshe, mteja alie, siku kumi na mbili. Ndipo alipouchoma, akaugonga kwa kidole, ngwii, na mwenye nyumba akaja kuuchukua.

Wengine wote biashara yao huishia hapo. Ya Bi Sikudhani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Siku ya saba baada ya mtungi kutoka, alijifunga kanga, akashika mkongojo, akaenda kwenye nyumba ya aliyenunua. Mkononi hana kitu.

"Hodi."

"Karibu, Bibi."

"Nimekuja kunywa maji."

Alichota mwenyewe kwa kata. Alikunywa taratibu, akitafuta ladha ya moshi na ladha ya tope. Aliupapasa mtungi tumboni. Kisha aliinama, na mgongo wake ule, akatia mkono chini yake kuona kama ardhi ni kavu. Hapo ndipo alipoaga.

Siku moja alikwenda hivyo kwa Bi Mgeni. Huyu Bi Mgeni ni bibi wa bibi yangu, kwa hiyo mtakapofika pa kumlaumu, laumuni kwa adabu.

"Mtungi umeuonaje?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Mzuri sana, Bibi. Mungu akuweke."

Bi Sikudhani akanywa. Akapapasa. Akainama. Mkono ulipotoka chini ya mtungi, ulikuwa na matope. Alimimina maji yaliyobaki kwenye sufuria, akaokota jiwe la mafiga, na mtungi ule wa jasho lake akaupiga. Pwaa. Vigae akavifunga kwenye kanga.

"Kesho njoo uchukue mwingine," alisema. "Lakini niambie, mwanangu. Ulijua unavuja?"

Bi Mgeni alitazama chini. "Nilijua tangu siku ya pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, Bibi? Wewe ni mkubwa wangu."

Bi Sikudhani akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea. "Watu wa hapa ni waungwana," alisema. "Nikiwauliza ninyi, kila mtungi wangu ni mzuri. Ndiyo maana siishii kuwauliza ninyi. Nauuliza mtungi. Mtungi hauna adabu, unavuja mbele ya mtu yeyote."

Paukwa!

— Pakawa!

Wewe uliye karibu na ukuta usilale, mtu anakaribia kufa.

Bi Sikudhani alikuwa na mjukuu, jina lake Siwatu. Mama yake alikwisha kufariki, bibi ndiye aliyemlea. Siwatu alikuwa na mikono ya ajabu. Bibi akifinyanga mmoja, Siwatu amekwisha watatu, na shingo za mitungi yake zilikuwa nyembamba na nzuri. Lakini safari za siku ya saba zilimkera.

"Bibi," alisema, "siku unayokwenda kunywa maji ya watu, mimi ningefinyanga mitungi miwili."

"Ungefinyanga," alijibu bibi. "Ningependa tu ijulikane kama ni mizima."

"Lakini wahenga wamesema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunajitembeza kwa nini?"

Bibi alichukua mkongojo wake akatoka. Methali ni kitu kizuri, wanangu, lakini mvivu naye huijua.

Mwaka ukaja miguu ya Bi Sikudhani ikakataa kazi. Akawa anamtuma Siwatu. Siwatu alikwenda nyumba ya kwanza akanywa maji. Nyumba ya pili alisimama mlangoni. Ya tatu alikutana na mwenyewe njiani, akamuuliza hapohapo, akageuza.

"Umefika?" bibi aliuliza kutoka kitandani.

"Wamesema ni mzuri sana."

"Umekunywa?"

"Wamesema, Bibi."

"Sikukuuliza wamesema nini," alisema mzee, akageukia ukutani. Mwezi huo huo akafariki. Mlima mzima ulilia. Siwatu alilia kuliko wote, na machozi yake yalikuwa ya kweli, nisije nikamsingizia.

Matanga yalipokwisha, Siwatu aliushika udongo. Sasa hapakuwa na wa kumzuia. Siku kumi na mbili za kivulini zikawa nane. Nane zikawa tano. Kutwanga vigae kunachosha mabega, akapunguza vigae. Mitungi ikawa mingi, na kila shingo aliipaka ngeu, ule udongo mwekundu, kwa michoro ya kupendeza. Watu walipita wakasimama.

"Siwatu, mitungi yako mizuri."

"Mizuri kuliko ya marehemu bibi yako."

"Mizuri sana."

Akaamini. Nani asingeamini? Alijenga banda refu la makuti. Alimwita mama yake mdogo, mjane, na binti zake wawili. Wakaacha shamba lao likaota magugu, wakaja kufinyanga. Sasa vinywa vinne vilikula kwa mitungi. Pa, pa, pa, tangu asubuhi hadi jioni, banda zima.

Siku ya saba hakuna aliyekwenda popote.

Paukwa!

— Pakawa!

Msimu mmoja ukapita. Mitungi ikaanza kubaki bandani. Kwanza mitatu, kisha kumi, kisha pakawa hapana pa kupita. Siwatu akazidisha ngeu. Mitungi haikutoka. Akapaka na chokaa. Watu wakasimama, wakasifu, wakaenda zao.

"Ni husuda," alisema mama mdogo. "Mtu ametufunga."

Wakaenda kwa mganga. Mganga akapiga ramli, kacha kacha kacha, akawapa dawa ya kufukia mlangoni, akachukua kuku wao wa mwisho. Wakiwa wanatoka akasema, "Halafu mitungi yenu ni mizuri, msife moyo." Na mganga huyo, nawaapia, alikuwa anakunywa maji kutoka kwenye mtungi wa mtu mwingine.

Wale mabinti wawili wakaanza kulala na uji mwepesi. Mama mdogo alikuwa akisema ameshiba kabla hajala. Walikuwa wanakula kwenye vigae vya mitungi yao wenyewe. Mfinyanzi hulia gaeni, lakini hawa gae lenyewe lilikuwa tupu.

Basi siku moja Siwatu alikwenda kukata kuni nyuma ya mlima, upande ambao hakuna njia. Akakuta kuna njia. Ilikuwa mpya, imekanyagwa ikang'aa. Akasikia watu, akajibanza. Walikuwa wanawake wa kijijini kwake, sita, akiwamo Bi Mgeni. Kila mmoja kichwani ana mtungi mpya uliofunikwa kwa majani. Walikuwa wanatoka kijiji cha ng'ambo ya mto, kwa mfinyanzi wa huko, mwendo wa siku nzima. Na walikuwa wamezunguka mlima mzima wasipite mbele ya banda la Siwatu, wasije wakamuumiza moyo.

Siwatu aliwaacha wapite. Aliziacha kuni. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya kwanza ya kijiji.

"Hodi. Nimekuja kunywa maji."

"Karibu, kaa hapo, nakuletea."

"Nataka kuchota mwenyewe."

Mwenye nyumba akasimama mlangoni, akatabasamu, akaongea habari za mvua. Siwatu alimpita. Mtungi wake ulikuwa kwenye kona, na michoro yake yote. Ndani yake kuku alikuwa ameatamia mayai.

Nyumba ya pili mtungi wake uliwekwa majivu. Ya tatu uliwekwa magunzi ya mahindi. Kila nyumba, "Siwatu, karibu, mbona umekonda." Kila nyumba, maji matamu kutoka mtungi wa ng'ambo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee Kisoma. Mzee huyu aliishi peke yake na hakuweza kushuka bondeni. Mkaza mwana wake, mke wa mwanawe, alikuwa akimjazia mtungi kila siku ya tatu. Siwatu hakumkuta, maana mzee Kisoma alikwisha kuzikwa tangu mwezi uliopita, wakati wa kiangazi. Siwatu mwenyewe alikwenda mazikoni akala ubwabwa. Sasa alimkuta mkaza mwana anafagia. Mtungi wenye ngeu ulikuwa bado pale, mkavu. Chini yake sakafu ilikuwa na doa pana la maji ya siku nyingi.

"Alikuwa ana maji?" Siwatu aliuliza.

"Nilikuwa nikimuuliza, baba, maji yapo? Anasema yapo."

"Yalikuwapo?"

Mkaza mwana aliacha kufagia. "Umri ni umri, Siwatu. Alikuwa mzee. Lakini siku tulipomtoa, sakafu ilikuwa imelowa na kata ilikuwa kavu." Kisha akasema, "Alisema wewe, mtoto wa watu, usiambiwe."

Siwatu alikaa chini. Hapo, wanangu, hata mimi ninayesimulia huwa nakasirika, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Jioni alimkuta Bi Mgeni uani anachambua mboga.

"Mbona hamkuniambia?"

Bi Mgeni aliweka mboga chini. "Tungekwambia lini? Mwanzo ulikuwa na matanga. Kisha ukawa na furaha. Kisha ukawa na njaa. Haikutokea siku nzuri ya kukwambia."

"Mlikuwa mnaniambia mizuri."

"Tulikuwa tunakupenda," alisema Bi Mgeni. Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Asubuhi Siwatu aliingia bandani na mchi. Pwaa. Pwaa. Pwaa. Alivunja yote. Akatwanga vigae, akachanganya na udongo, akafinyanga mitungi minne, akaianika kivulini siku kumi na mbili. Ilikuwa mizima. Ukiigonga, ngwii.

Hakuna aliyekuja kununua. Si kwa chuki. Nyumba ina mtungi mzima, ya nini mwingine? Na njia ya nyuma ya mlima ilikuwa imekwisha kuzoeleka miguuni. Mama mdogo na binti zake wakarudi kwenye shamba lao wakakuta msitu. Banda likaanguka na mvua za vuli.

Siwatu alivuka mto. Alimwendea yule mfinyanzi wa ng'ambo, mwanamke mnene, mkali, mwenye kazi nyingi.

"Unajua nini?" aliulizwa.

"Najua kufinyanga."

"Wafinyanzi ninao saba. Kingine?"

Siwatu alifikiri, kisha akasema, "Najua kunywa maji." Akaeleza. Yule mwanamke alimsikiliza hadi mwisho, akampa mkeka wa kulalia.

Tangu hapo kazi ya Siwatu ikawa hiyo. Siku ya saba alivuka mto, akapanda mlima wa kwao, akabisha hodi kwenye nyumba alizozijua tangu kuzaliwa, kuonja maji ya mitungi ya mtu mwingine. Kila nyumba alikunywa, akapapasa, akainama.

Siku ya kwanza alipofika kwa Bi Mgeni, kabla hajashika kata, Bi Mgeni alimzuia mkono.

"Huu unavuja, mwanangu," alisema. "Tangu juzi. Uone hapa."

Siwatu aliinama, akaona. Akabaki ameinama vilevile muda mrefu, na Bi Mgeni akasikia kwamba analia. Akamwambia anyanyuke, akamwambia pole. Siwatu hakunyanyuka upesi. Neno lile alilihitaji miaka miwili nyuma, na lilikuwa limekuja likiwa mali ya tajiri wake, yule mfinyanzi wa ng'ambo.

Basi, wanangu. Mwenye duka, mwenye genge, mama wa maandazi, fundi wa viatu, nawaambia ninyi. Si husuda iliyomfilisi Siwatu. Sifa ndizo zilizomfilisi. Usitosheke na anayekusifu; fuata kitu chako hadi nyumbani kwake, ukione kinavyotumika. Fuata kila mara, hata ukiwa na kazi nyingi, hasa ukiwa na kazi nyingi. Na ninyi mnaonunua, mkimpenda mtu mwambieni angali ana banda.

Bi Mgeni alilisema hilo kwa wanawe hadi anakufa, nao wakalisema kwa wana wao, ndivyo lilivyonifikia. Hadithi yangu imeishia hapo. Kama mmeiona mbaya, semeni nikiwa bado nimekaa.