Barua Aliyoandikiwa Mwingine

Mtu mmoja alikuwa na kipaji cha hesabu, lakini hakuwa na barua. Jina lake Mbelwa Semboja, karani katika ofisi ya wakaguzi wa hesabu, katika mji mmoja wa mkonge, enzi za Mwingereza. Siku zile mtu hakuitwa mhasibu kwa kuijua kazi tu. Ilimpasa ashinde mitihani iliyotoka Uingereza, na kabla ya ule wa mwisho ilimpasa apate barua ya mhasibu kamili, ya kushuhudia kwamba amefanya kazi chini yake miaka mitano. Na wahasibu kamili wa mji ule wote walikuwa Wazungu.

Semboja alifanya kazi miaka kumi na mmoja. Alikagua vitabu vya mashamba, vya maduka, vya kiwanda cha kamba, na kazi yake ikaenda kwa wateja ikiwa na saini ya mwingine. Mitihani ya awali aliishinda yote. Hakuwa na mwenzake. Akiingia chumba cha wahasibu, mazungumzo yalikatika. Akienda nyuma kunywa chai na matarishi, waliinuka wakamwachia benchi zima, kwa sababu alivaa tai. Basi akazoea kunywa chai yake amesimama, katikati ya milango miwili. Nyumbani mkewe alimpenda, lakini alimwuliza, "Baba Salome, hicho unachosomea kinaisha lini?" Hapakuwa na mtu mweusi mahali pale aliyewahi kukimaliza, akaulizwe.

Mwaka wa kumi na mmoja aliomba barua. Mkuu wa ofisi, Bwana Tindall, hakuwa mtu mkali. Aliisoma karatasi ya ombi mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kazi yako haina dosari, Semboja," alisema. "Lakini wateja nitawaambia nini?"

Semboja aliomba tena mwaka uliofuata, na mwaka wa tatu. Kisha akaacha. Kazi hakuiacha, aliacha kuomba.

Uhuru ukaja, Tindall akarudi kwao, akaletwa mkuu mwingine. Siku hizo ofisi ikamwajiri Hilda Kilua, mwanamke wa miaka ishirini na minne, binti wa mkata mkonge. Semboja alipokwenda kunywa chai, Hilda hakuinuka kwenye benchi. Alisogea, ampe nafasi. Ni jambo dogo, lakini yule mtu alikuwa amelingoja karibu miaka ishirini.

Mwaka uliofuata mkuu mpya akamwita Semboja. Ofisi ingeweza kumdhamini mtu mmoja tu, asome, na mwishoni aandikiwe ile barua. Mitihani ya zamani ya Semboja ilikuwa imepitwa na wakati. Angelazimika kuanza upya, kwa miaka minne, naye alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, jicho moja limeanza kuingia ukungu.

"Zamu ni yako, mzee," mkuu alisema. "Kama huitaki, niambie nimwandikie nani."

Siku sita alijaribu kusoma tena. Alivifungua vitabu vyake, herufi zikamkimbia. Siku ya saba akaenda, akasimama mbele ya meza ile.

"Mwandikie Hilda."

Wanaosimulia habari za namna hii hupenda kusema kwamba moyo wake ulijaa amani. Haukujaa. Mwezi mzima aliitikia salamu za Hilda akiutazama ukuta, na Hilda hakujua kosa lake. Mpaka Jumamosi moja, ofisi ilipofungwa saa sita mchana, Semboja alimwona amebaki peke yake, anafuta jibu lilelile la zoezi la mtihani kwa mara ya nne. Alifika mlangoni, akarudi. Akavuta kiti. Tangu siku ile alimfundisha kila Jumamosi, miaka minne.

Hilda akafaulu, akawa mhasibu wa kwanza mweusi katika mkoa ule. Akahamia mji mkuu. Barua zake zilikuja kila mwezi, kisha kila mwaka, kisha zikakoma, si kwa ubaya, ila kwa wingi wa shughuli. Semboja alistaafu. Katika cheti chake cha kustaafu waliandika neno moja: karani. Mkewe akafariki, watoto wakatawanyika, na hakubaki mtu wa kumwuliza kilichokuwa kinasomewa kiliishia wapi.

Miaka mingi baadaye alisoma gazetini kwamba chama cha wahasibu kitamtunuku Hilda Kilua kwa kuwa wa kwanza. Alinunua tiketi kwa akiba yake, akasafiri siku nzima. Habari hakumpelekea, aliogopa aonekane amekuja kudai. Pale ukumbini mpokea wageni akamwuliza, "Shikamoo mzee. Wewe ni wa familia?"

"Marahaba. Hapana," alisema Semboja. "Nimekuja kusikiliza tu."

Akapewa kiti safu ya mwisho. Akamwona Hilda akipanda jukwaani, nywele zimekuwa nyeupe, akapokea ngao, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Mnaniita wa kwanza," Hilda alisema. "Mimi ni wa pili."

Ukumbi mzima ukasimama. Walidhani ni unyenyekevu. Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, na Hilda akafungua kinywa tena, akataja jina, makofi yakalimeza. Akalitaja mara ya pili. Mshereheshaji akamkumbatia, muziki ukaanza, chakula kikatangazwa. Katika watu mia nne, mmoja tu alijua, bila kuona wala kusikia, jina lile ni la nani, naye alikuwa ameketi peke yake nyuma ya migongo ya waliosimama, mikono juu ya magoti. Kisha akainuka taratibu, akashika njia ya nje, wala hakuna aliyegeuka.

Basi ninyi mnaompigia makofi aliyeingia wa kwanza: je, mliwahi kunyamaza kiasi cha kusikia anamtaja nani?