Kuonja Pikapu

Walikuwapo Bwana Athumani Shekalaghe, mwenye pikapu kuukuu na kiwanja cha gereji, Mwalimu Perpetua Mbelwa, mnunuzi, na Fundi Hozza Kiluwa, aliyekuwa ameambiwa asubuhi ile, "Lisifu gari, la sivyo uhame kiwanjani kwangu."

Hozza alijua breki zinavuja na hazishiki.

"Breki je, fundi?" Mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, gari hili tamu kama togwa!"

Bwana Athumani akatabasamu.

"Na togwa," Hozza akaendelea, "mwenyeji huonja kwanza, mgeni asiwe na shaka. Haya bwana mkubwa, shuka nalo mteremko wa Soni, sisi tukutazame."

Bwana Athumani alishika usukani, akautazama mteremko, akatoka garini.

"Siuzi tena."

"Lakini nimelisifu, bwana. Nihame?"

"Kaa!"

Bwana Athumani Shekalaghe alifariki tarehe 9 Machi mwaka uliofuata, kitandani kwake, si mteremkoni Soni.